Shoti iko kwenye fida ya kV 11, lakini inayokata ni breka ya kV 33

Fundi_wa_Zamu

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wataalamu wa relei (kifaa kinachopima mkondo na kuiamuru breka ikate).

Kituo ni cha kiwanda, pembezoni mwa Dodoma. Umeme unaingia kwa kV 33, unapozwa hadi kV 11 na transfoma moja ya MVA 5, Dyn11 (delta upande wa kV 33, nyota upande wa kV 11), impidansi asilimia 7, nyutro ya upande wa kV 11 imefungwa ethi moja kwa moja. Upande huo kuna breka ya inkama (inayopokea umeme kutoka kwenye transfoma) na fida mbili (njia za kupeleka umeme). Fida 1 ni kebo ya ndani ya kiwanda. Fida 2 ni waya wa nguzoni wa milimita za mraba 50, kilomita 9 hadi kwenye pampu za visima. Kiwango cha shoti tulichopewa kwenye kV 33 ni MVA 250.

Setingi za mkondo, zote za mkunjo wa SI (mkondo ukizidi, muda wa kukata unapungua) isipokuwa ya ethi. CT ni transfoma ya kupimia mkondo, TMS ni kizidisho cha muda wa relei:

kV 33: CT 100/1, amp 100, TMS 0.15
Inkama kV 11: CT 400/1, amp 400, TMS 0.25
Fida 2: CT 200/1, amp 200, TMS 0.30
Ethi ya kV 33: amp 20, bila kuchelewa

Manyunyu ya kwanza ya msimu yalipoanza, kiwanda kizima kilizimika. Relei ya Fida 2 imeandika kwamba iliamka, amp 2,500 kwenye fezi mbili, lakini haikutoa amri ya kukata. Relei ya kV 33 imeandika L1 amp 965, L2 amp 480, L3 amp 485, ikakata baada ya sekunde 0.45. Tulipofunga breka ya kV 33 huku fida zote zikiwa wazi, ikakata papo hapo ikionyesha hitilafu ya ethi, amp 28. Mara ya pili ikashika vizuri.

Ushauri niliopewa ni kupandisha TMS ya kV 33 hadi 0.40 na kuzima kabisa ulinzi wa ethi wa kV 33. Nifanye hivyo?

---

Relei_Kanda_ya_Kati

Usifanye, mkuu. Rekodi uliyoleta inatosha kujua kilichotokea, na relei zako ni nzima. Zimefanya kile hasa zilichoambiwa.

Anza na zile namba tatu za kV 33: 965, 480, 485. Mbili kwa moja kwa moja. Kwenye transfoma ya Dyn11, shoti ya fezi kwa fezi upande wa nyota huonekana upande wa delta kwa umbo hilo: fezi moja inabeba mkondo mara mbili ya zile nyingine. Kwa hiyo hata bila rekodi ya Fida 2 ungejua shoti iko kV 11, ni ya fezi mbili, na si ya ethi. Vumbi la kiangazi kizima limelala kwenye vikombe vinavyoshikilia waya nguzoni, manyunyu yakalilowesha bila kuliosha, umeme ukapata njia. Mvua kubwa ingeviosha. Manyunyu ndiyo hatari.

Sasa hesabu. Transfoma ya MVA 5 kwa asilimia 7 inaruhusu MVA 71.4. Ukiunganisha na MVA 250 za njia unabaki na MVA 55.6 kwenye basba (vyuma vinavyogawa umeme kwa fida) ya kV 11. Hiyo ni amp 2,916 kwa shoti ya fezi tatu, sawa na amp 972 upande wa kV 33. Shoti ya fezi mbili ni asilimia 86.6 ya hiyo, yaani amp 2,525 upande wa kV 11. Lakini fezi moja ya kV 33 bado inabeba amp 972 zote. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanapanga muda kwa shoti ya fezi tatu tu, wakati shoti ya fezi mbili inaipunguzia kasi relei ya chini na kuiacha ya juu na kasi yake ileile.

Fomula ya SI ni muda = TMS × 0.14 ÷ ((I/Is)^0.02 − 1). Kwa shoti ya fezi mbili karibu na basba:

Fida 2: 2,525 ÷ 200 ni mara 12.6. Muda ni 2.69 × 0.30 = sekunde 0.81.
Inkama: 2,525 ÷ 400 ni mara 6.3. Muda ni 3.73 × 0.25 = sekunde 0.93.
kV 33: 972 ÷ 100 ni mara 9.7. Muda ni 3.01 × 0.15 = sekunde 0.45.

Sekunde 0.45 ndiyo hiyohiyo iliyoandikwa na relei yako. Fida ilikuwa imebakiza zaidi ya theluthi moja ya sekunde ndipo ikate, na kufikia hapo umeme ulishaondoka. Ukitazama fida na inkama peke yake, mpishano (tofauti ya muda wa kukata) ni sekunde 0.12 tu, nao hautoshi.

Mpishano unaohitajika kati ya relei mbili za kidijitali ni takribani sekunde 0.3. Ndani yake kuna muda wa breka ya chini kufungua na kuzima cheche, makosa ya CT na ya relei zote mbili, muda mdogo wa relei ya juu kuacha kuhesabu baada ya mkondo kuondoka, kisha akiba. Relei za zamani za sahani zilihitaji 0.4.

Kupandisha kV 33 hadi TMS 0.40 kutaficha tatizo na kuleta kubwa zaidi. Shoti ikitokea kwenye bushingi (viingilio vya waya) za kV 33 za transfoma, mkondo ni amp 4,374. Mkunjo wa relei nyingi huacha kupungua baada ya mara 20 hivi, kwa hiyo utasubiri sekunde 0.9 huku tanki likipigwa. Kabla ya hapo relei ya njia ya kV 33 huko juu itakuwa imekata, na majirani wote wa njia hiyo wanazima kwa sababu yenu.

Mpangilio unaanzia chini kupanda juu. Ninachopendekeza:

Fida 2: amp 200, TMS 0.10. Fezi mbili: sekunde 0.27.
Inkama: amp 320, TMS 0.18. Fezi mbili: sekunde 0.60.
kV 33: amp 120, TMS 0.28. Sekunde 0.92.

Amp 320 ya inkama inatokana na mkondo kamili wa transfoma, amp 262, ukiongeza kama asilimia 20. Kwa kV 33 hizo 320 ni sawa na amp 107, ndiyo maana setingi ya kV 33 lazima iwe juu ya hapo. Amp 100 yako ya sasa ilikuwa chini ya inkama, yaani relei ya juu ilikuwa inaamka kabla ya ya chini.

Ongeza hatua ya kukata papo kwa papo kwenye kV 33, amp 1,600. Hata kama njia ingekuwa na nguvu isiyo na kikomo, transfoma yenyewe haiwezi kupitisha zaidi ya amp 1,250 kwa shoti ya kV 11. Kwa hiyo amp 1,600 haitaiona kV 11 kamwe, lakini itaiona shoti ya bushingi na kukata bila kusubiri. Usiipange kwa kutumia amp 972. Namba hiyo inategemea MVA 250 za leo, na kila mtambo au transfoma inayoongezwa kwenye kituo kikuu cha umeme cha Zuzu inaipandisha.

Hakiki pia mwisho wa Fida 2. Kilomita 9 za waya wa mm² 50 zinaongeza takribani ohm 5.4 za ukinzani na 3.3 za riaktansi. Shoti ya fezi mbili kule visimani inabaki kama amp 710. Hiyo ni mara tatu na nusu ya setingi, fida itakata kwa sekunde 0.54. Inakubalika.

---

Basba_Moja

Hesabu za Relei_Kanda_ya_Kati nazikubali, ila sekunde 0.92 kwenye kV 33 ni ndefu bila sababu, na TANESCO wanaweza kuikataa kwa sababu relei yao ya njia lazima ikae juu yake kwa sekunde 0.3 nyingine.

Transfoma ni moja. Inkama ikikata, kiwanda kinazima. Breka ya kV 33 ikikata, kiwanda kinazima vilevile. Hakuna mteja anayeokolewa kwa kuzipishanisha hizo mbili. Mpishano unaohitajika kweli ni kati ya fida na kila moja ya hizo. Kwa hiyo kV 33 ibaki amp 120, lakini TMS iwe 0.18. Muda wake kwa amp 972 ni sekunde 0.59, fida ni 0.27 kwa fezi mbili na 0.25 kwa fezi tatu. Mpishano upo, na umeokoa theluthi ya sekunde. Kama kungekuwa na transfoma mbili sambamba kwenye basba moja ningesema vingine, kwa sababu hapo kosa la upande mmoja lingeweza kuondoa zote mbili.

Weka pia waya wa kuvutana: breka ya kV 33 ikikata kwa ulinzi, inkama ya kV 11 nayo ifunguke. Kama kiwanda kina jenereta upande wa chini, hilo si la hiari. Jenereta inaweza kulisha shoti ya transfoma kutoka nyuma.

Shoti ya kwenye basba ya kV 11 bado inasubiri sekunde 0.6 za inkama. Ndani ya paneli ya chuma hiyo ni cheche ya kuua mtu. Kama relei zako ni za kidijitali, njia ya bei nafuu ni kuzuia kwa ishara: kila relei ya fida ikiamka ipeleke ishara kwenye inkama. Inkama iwe na hatua ya pili, amp 1,200 kwa sekunde 0.1, inayozuiwa na ishara hiyo. Shoti ikiwa kwenye fida, fida inaamka, inkama inazuiwa, fida inakata. Shoti ikiwa kwenye basba, hakuna fida inayoamka, inkama inakata ndani ya sekunde 0.1. Kinachohitajika ni kontakti moja kwa kila fida na waya mbili. Angalizo: ukiongeza fida ya tatu siku zijazo na kusahau kuiunganishia ishara, shoti ya fida hiyo itazima basba nzima.

---

Mkanda_wa_Ethi

Nijibu la ethi, maana wengi hulizima bila kulielewa.

Transfoma yako ina delta upande wa kV 33. Hitilafu ya ethi ya kV 11 haivuki delta kwenda juu kama mkondo wa ethi, kwa hiyo relei ya ethi ya kV 33 haina mtu wa kupishana naye. Inaweza kuwa nyepesi na ya haraka. Huo ni ulinzi mzuri sana wa bushingi na koili za kV 33. Ukiuzima, unabaki na relei ya amp 120 kwenye sehemu ambayo hitilafu ndogo ya koili inaweza kutoa amp 40 tu.

Zile amp 28 za kufungia hazikuwa za kweli. Transfoma ikiwashwa bila mzigo hunywa mkondo wa sumaku, kwa kawaida mara 8 hadi 12 ya mkondo wake kamili kwenye kilele cha kwanza, kutegemea sekunde ile breka imefunga wapi kwenye wimbi. Hapa ni amp 700 hadi 1,050, wenye sehemu kubwa ya DC. CT moja ikishiba kabla ya wenzake, jumla ya CT tatu haiwi sifuri, na relei inadhani kuna mkondo wa ethi. Mara ya pili wimbi liliangukia pazuri ikashika. Dawa ni kuwasha kizuizi cha hamoniki ya pili (alama ya mkondo huo wa sumaku) kwenye kipengele cha ethi, asilimia 15, na kuchelewesha kwa sekunde 0.1. Amp 20 ibaki. Hakikisha pia CT zote tatu ni za aina moja. CT moja iliyobadilishwa na ya daraja jingine inatosha kuleta kelele hii.

Kabla ya kufunga breka mara ya pili baada ya relei ya transfoma kukata, tazama Buchholz (relei ya gesi ya transfoma) kama ina gesi, tazama joto, na pima insulesheni. Safari hii ilikuwa kelele. Safari nyingine inaweza kuwa koili, na kufunga juu ya koili iliyoungua ni kuipasua.

Kwa mazingira ya Dodoma kuna hatari kubwa zaidi kwenye Fida 2. Waya wa nguzoni ukikatika na kulala kwenye mchanga mkavu wa Septemba au Oktoba, mkondo wa ethi unaweza kuwa mdogo mno. Voti 6,350 kwenye ukinzani wa ohm 600 ni amp 10.6. Setingi ya kawaida ya ethi, asilimia 20 ya CT 200/1, ni amp 40. Relei haitaamka, na waya wenye umeme unabaki chini ng'ombe na watoto wakipita.

Weka ulinzi mwepesi wa ethi: CT moja ya duara inayozunguka kebo yote ya fezi tatu pale fida inapotokea, setingi amp 4 hadi 5, muda sekunde 5. Usiweke breka kujifunga tena yenyewe kwenye hatua hii. Mafundi huharibu CT hii wakati wa kuifunga. Ganda la chuma la kebo likipita ndani ya CT, waya wake wa ethi lazima urudishwe ndani ya CT ileile ndipo ushuke ardhini. Usiporudishwa, mkondo unaorudi kwa ganda unafuta ule wa hitilafu, na relei inakuwa kipofu. Upande wa pili, kama ganda limefungwa ethi kabla ya kufika kwenye CT, usiupitishe tena.

Na hata hivyo, kwenye mwamba au lami kavu mkondo unaweza kuwa chini ya amp 1. Hapo hakuna setingi itakayoona. Njia ikaguliwe kwa macho, hasa viungo, vifungio vya waya na vikombe vilivyopasuka. Vikombe vioshwe au vifutwe mwishoni mwa kiangazi, Oktoba au mapema Novemba, njia ikiwa imezimwa, imejaribiwa kuwa haina umeme, na imefungwa ethi pande zote mbili za wanaofanya kazi.

Ukinzani wa ethi ya kituo nao upimwe wakati huohuo wa ukame. Ukipima Machi ardhi imelowa utapata namba ya kufurahisha isiyokulinda Oktoba.

---

Fundi_wa_Zamu

Nimewaelewa sana wakuu, shukrani. Nitapeleka mapendekezo ya kV 33 kwa TANESCO kwanza ili waidhinishe. Nina mawili. Baada ya kubadili setingi, nathibitishaje kwamba kweli imefuata? Na betri ya kituo ni ya voti 110, ina miaka kadhaa, inaweza kuwa ilichangia?

---

Relei_Kanda_ya_Kati

Kwa tukio hili betri haikuchangia. Breka ya kV 33 ilikata ndani ya muda wake, kwa hiyo DC ilikuwepo. Ila ipime, kwa sababu relei nzuri bila DC haiwezi kukata chochote. Kwa seli 55 za asidi zenye voti 2, chaja ikae takribani voti 2.25 kwa seli, yaani voti 124 kwa jumla. Zima chaja, kata breka moja huku mita ikiwa kwenye vituo vya koili ya kukatia yenyewe, siyo kwenye betri. Voti zikizama chini ya 77, asilimia 70 ya 110, una seli mbovu au kiungo kilicholegea. Chumba cha betri kikiwa na joto la Novemba, seli zilizofungwa huzeeka haraka mno. Kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri kwa kama nusu, hivyo feni na kivuli vina faida kuliko chaja mpya.

Kuhusu kupima, fuata mpangilio huu, na kibali cha kazi kiwe kimeandikwa:

1. Pakua setingi za sasa na rekodi zote za matukio kabla ya kugusa. Rekodi za zamani hufutwa na mpya.
2. Kwenye bloku ya majaribio, unganisha CT shoti kwanza ndipo uitenge na relei. CT yenye mkondo ikiachwa wazi upande wa pili inazalisha maelfu ya voti.
3. Ingiza mkondo wa upande wa pili. Kwa Fida 2, amp 200 kwa CT 200/1 ni amp 1. Pandisha polepole. Relei iamke kati ya amp 1.0 na 1.1.
4. Pima muda kwa amp 2, 5 na 10. Kwa SI yenye TMS 0.10 unatakiwa kupata sekunde 1.00, 0.43 na 0.30. Tofauti ya asilimia 5 au sekunde 0.04, ile iliyo kubwa, inakubalika. Ukipata mara tatu ya hizo, bado uko kwenye TMS 0.30, setingi haikuhifadhiwa. Wengi huandika kwenye kundi la pili la setingi wakati relei inatumia la kwanza.
5. Acha relei ikate breka yenyewe angalau mara moja. Pima tangu mkondo uingie hadi kontakti za breka zifunguke. Muda wa relei peke yake haujibu swali la mpishano.
6. Ingiza fezi moja moja. Kipengele cha ethi kiamke, na jina la fezi kwenye skrini lilingane na unayoiingizia.
7. Ondoa shoti za bloku baada ya relei kurudishwa, halafu mzigo ukiwepo soma mkondo wa fezi tatu na wa ethi kwenye skrini. Fezi zikiwa sawa, ethi iwe karibu na sifuri. Ikisoma mara mbili ya fezi, CT moja imegeuzwa.

---

Basba_Moja

Hatua ya 7 usiiruke hata kama zamu imechelewa. CT iliyogeuzwa haionekani kwa kuingiza mkondo upande wa pili, inaonekana mzigo ukiwepo.

Na waombe TANESCO setingi za relei ya njia yao kwa maandishi, pamoja na kiwango kikubwa na kidogo cha shoti. MVA 250 uliyopewa ni moja tu ya hizo mbili. Kile kidogo ndicho kinachoamua kama Fida 2 itaona shoti ya kilomita ya 9 usiku njia ikiwa imelishwa kutoka upande mwingine.